Meza ya Faragha na Mpishi Wake

Mazungumzo yangu ya leo yanakwenda mbali kidogo, katika jiji la London, kwenye barabara iitwayo Pall Mall, ambako majumba ya klabu yamesimama bega kwa bega tangu karne ya kumi na tisa. Na katika majumba hayo nimelichagua moja, Reform Club, na ndani yake sikusudii kuwatembeza kila ghorofa na kila pembe, bali nawaomba mnifuate mahali pawili tu, chumbani walikolia wakubwa faraghani, na jikoni kulikotoka walichokila.

Klabu hiyo iliasisiwa mwaka 1836, na kilichoizaa kilikuwa siasa kabla ya kuwa tafrija. Mwaka 1832 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kupanua haki ya kupiga kura, baada ya mabishano makali yaliyoleta ghasia mitaani. Wahafidhina walioipinga sheria hiyo wakashindwa, wakajikusanya mwaka uo huo katika klabu yao ya Carlton, na wale walioipenda, yaani watu wa chama cha Whig pamoja na wenzao waliotaka mabadiliko makubwa zaidi, wakaona haiwi adui awe na baraza la kushauriana na wao wabaki kukutana vichochoroni. Wakamwita Charles Barry, msanifu yule yule aliyepewa kazi ya kulijenga upya Bunge baada ya moto wa 1834, naye akachukua mfano wa kasri la Farnese la mjini Roma, akawajengea jumba la mawe lililofunguliwa mwaka 1841, lenye behewa kubwa katikati lililofunikwa kwa paa la vioo, maana mvua na baridi ya nchi ile haimpi mtu wasaa wa kukaa chini ya mbingu wazi, na lenye chumba cha kulia kirefu kilichoenea upande mzima unaotazama bustani.

Faragha ya klabu ilianzia mlangoni. Mtu hakuingia kwa kupiga hodi, wala kwa kulipa kiingilio. Jina lake lilitajwa na mwanachama mmoja, likaungwa mkono na mwingine, kisha likapelekwa kwenye kura ya siri ya gololi, ambamo gololi chache nyeusi zilitosha kuyazima matumaini ya mtu mwenye mali, ukoo na elimu, pasipo yeye kuujua hata siku moja mkono uliomkataa. Mwaka 1913 alikataliwa kwa namna hiyo Baron de Forest, aliyekuwa rafiki wa Winston Churchill na David Lloyd George, na mawaziri hao wawili wakaghadhibika kiasi cha kujiuzulu uanachama. Wanawake ndio waliongoja zaidi ya wote, kwani walikubaliwa kuwa wanachama mwaka 1981, miaka 145 baada ya klabu kuzaliwa. Na hata hivyo Reform ilihesabiwa kuwa ya mbele katika jambo hilo, kwa kuwa majirani zake walikuwa bado wamelala.

Na mgeni je, rafiki wa mwanachama aliyealikwa chakula cha mchana? Katika klabu za zama zile, aghalabu mgeni hakuruhusiwa kuketi kwenye meza za wenyewe. Aliwekewa chumba chake mbali na chumba kikuu, chumba cha wageni, na hapo ndipo mwenyeji wake alipomlisha, ili wanachama wengine wasisumbuliwe na sura wasiyoijua wala wasiogope kusema mbele yake. Msikilizaji wa Lamu au wa Mji Mkongwe atatabasamu hapa, aseme kwamba hata kwetu mgeni hukaribishwa sebuleni au dakani, wala haingii ndani mpaka ajulikane. Ni kweli, na ramani za nyumba hizo mbili zinakaribiana mno. Lakini kwetu sebule ndiyo inayopata zulia bora, sahani za kaure na sinia ya kwanza kupakuliwa, na watu wa ndani hula baada ya mgeni kushiba. Kinachofichwa nyuma ya pazia ni haya ya nyumba, wala si utamu wake. Pall Mall ilikuwa kinyume: kilicho bora kabisa kiliwekwa ndani kwa ajili ya wenyewe, na mgeni akapewa pembeni.

Isidhaniwe kuwa waliojifungia hivyo walikuwa wakizungumza hali ya hewa tu. Desemba 1916, Asquith alipouacha uwaziri mkuu katikati ya vita kuu ya kwanza, ni Reform Club alikokwenda kuwaeleza wabunge wa chama chake yaliyomkuta. Na Oktoba 1922, upande wa pili wa siasa, wabunge wahafidhina walikutana katika klabu yao ya Carlton, wakapiga kura kuiacha serikali ya mseto, na siku iyo hiyo waziri mkuu, Lloyd George, akajiuzulu. Serikali ya dola iliyotawala robo ya dunia, na Mombasa na Unguja zikiwamo, iliangushwa katika nyumba ambayo mpiga kura wa kawaida asingeruhusiwa kutundika koti lake.

Hayo yatosha juu ya walaji. Sasa tushuke jikoni, na nakiri kwamba mimi hupendezwa zaidi na huko.

Mwaka 1837 klabu ilimwajiri mpishi Mfaransa, Alexis Soyer, aliyezaliwa mwaka 1810 katika mji wa Meaux, akajifunza kazi mjini Paris, akakimbilia Uingereza baada ya mapinduzi ya Julai 1830, ambayo yalimkuta katika jiko la waziri mkuu wa mfalme aliyepinduliwa. Alikuwa mtu wa madaha, mwenye kuvaa kofia upande na nguo zilizokatwa mshazari, mpenda sifa kuliko inavyomfaa mtu mzima, na mwenye kipaji kisicho na shaka. Tarehe 28 Juni 1838, siku Malkia Victoria alipotawazwa, jumba la Barry likiwa bado linajengwa na klabu ikiishi katika nyumba ya kupanga, Soyer aliwaandalia watu 2,000 kifungua kinywa. Na jumba jipya lilipokuwa likisimama, akakaa na msanifu wakalichora jiko pamoja, neno ambalo hata leo si la kawaida, maana wasanifu wengi hukumbuka jiko baada ya kumaliza kuchora ngazi.

Jiko hilo likawa ajabu ya London. Wakati ambapo nyumba za matajiri zilikuwa zikipika kwa makaa ya mawe, wapishi wakikohoa moshi na kuungua nyuso, Soyer alitia meko ya gesi ambayo moto wake hupandishwa na kushushwa kwa kuzungusha koki, bila masizi wala majivu. Akatia mvuke wa kuvipasha vyombo joto, na mashine ya mvuke ya kuzungusha vijiti vya nyama. Akatia bamba la marumaru linalopitiwa na maji ya barafu la kulazia samaki, na matanuri ambayo joto lake lilipimika. Na katikati akaweka meza kubwa yenye pande 12, iliyowekwa ili kila fundi apate nafasi yake bila kugongana viwiko na mwenziwe. Habari zikaenea, hata mabwana na mabibi wakawa wanaomba ruhusa ya kuja kulitazama, na Soyer mwenyewe akiwatembeza, huku akifunua sufuria moja moja na kuwaonjesha. Tazameni mzaha wa mambo: chumba cha juu kilijengwa ili watu wasikione, na watu wakaja kwa wingi kulitazama jiko.

Pishi lake moja lingali likipikwa katika klabu hiyo mpaka leo, nalo ni vipande vya mbavu za mwanakondoo vilivyoviringishwa katika chenga za mkate, vikakaangwa, vikamiminiwa mchuzi mkali mtamu wenye siki na vipande vyembamba vya mboga za kachumbari. Inasimuliwa kwamba alilitunga usiku mmoja kwa mwanachama aliyechelewa, akataka kitu kipya, na mpishi akaokoteza vilivyokuwapo. Ndani ya chenga hizo mna nyama ambayo Mwislamu hataigusa. Atakayelijaribu Mombasa ataitoa, na nadhani pishi halitapungukiwa na kitu.

Lakini siku iliyomweka Soyer katika vitabu ni tarehe 3 Julai 1846, na aliyekuwa mgeni siku hiyo ni mtu ambaye wazee wetu wa pwani, waliokuwa wakizipata habari za Misri na Hijazi kwa mahujaji na manahodha, bila shaka walilisikia jina lake: Ibrahim Pasha, mwana wa Muhammad Ali, liwali wa Misri. Huyu ndiye aliyeiteka Dir'iyya, mji mkuu wa Aal Saud katika Najd, mwaka 1818. Ndiye aliyepigana katika nchi ya Wayunani hata meli zake zikazamishwa Navarino mwaka 1827 na Waingereza, Wafaransa na Warusi. Ndiye aliyeichukua Akka mwaka 1832, akayavunja majeshi ya Sultani wa Istanbul huko Konya mwaka uo huo, na kuikalia Sham yote. Na mwaka 1840 manowari za Waingereza pamoja na washirika wao ziliipiga Akka kwa mizinga, naye akalazimika kuiacha Sham na kurudi Misri. Serikali iliyozituma manowari hizo ilikuwa ya chama cha Whig, yaani chama cha wenye klabu hii. Miaka 6 tu baadaye mtu waliyemfukuza alikuja London, na nyumba ikafunguliwa milango, na watu 150 wakaketi kumkirimu.

Maakuli yalikuwa ya Kifaransa, mengi hata mtu akichoka kuyasoma sembuse kuyala. Kilichosimulika baadaye ni tunu ya mwisho. Soyer alijenga piramidi ya Misri, yenye kimo cha karibu futi 2 na nusu, kwa matofali ya keki nyepesi ya ute wa mayai na sukari yaliyochongwa yafanane na mawe ya Giza. Akaijaza malai ya nanasi, akaizungushia matunda, na kileleni akaweka picha ya Muhammad Ali, baba wa mgeni. Yasemekana Ibrahim aliiona sura ya mzee wake juu ya sukari ile, akaitoa, akaitazama kwa makini, kisha akawapa waliokuwa karibu naye waione. Ikapita mkono kwa mkono mezani.

Nimeifikiria mara nyingi karamu hiyo, na hukumu yangu ni kwamba mpishi alikuwa mwanadiplomasia bora kuliko mabwana waliomwajiri. Hotuba za dhifa kama zile husemwa, hupigiwa makofi na husahauliwa kabla ya bakuli kuondolewa. Soyer hakuhutubu. Alijiuliza swali ambalo mwenyeji mwema hujiuliza, yaani huyu anayekuja ametoka wapi na ni nani ampendaye, kisha akajibu kwa mayai, sukari na nanasi, akampa shujaa aliyeshindwa vita heshima ya nchi yake na ya mzazi wake mbele ya waliomshinda. Ibrahim alifariki Novemba 1848, na baba yake akamfuata Agosti 1849. Piramidi ile ya sukari huenda ilikuwa moja katika heshima za mwisho walizopewa wote wawili kwa pamoja.

Haukupita mwaka, na mpishi huyo huyo alikuwa mbele ya mlo wa namna nyingine kabisa. Njaa ilikuwa imeikumba Ireland baada ya viazi kuoza mashambani, na serikali, iliyokuwa tena mikononi mwa Whig, ikamwomba aende Dublin. Aprili 1847 alifungua huko jengo la mbao lenye pipa la kupikia la galoni 300, ambamo wenye njaa waliingizwa 100 kwa 100 kwa mlio wa kengele, wakaketi mbele ya mabakuli yaliyopachikwa mezani na vijiko vilivyofungwa minyororo visichukuliwe, wakala upesi, wakapewa kipande cha mkate na kutolewa upande wa pili, ili 100 wengine waingie. Katika hesabu yake ya supu ya kwanza, galoni 2 za maji zilipata nyama robo ratli tu, pamoja na vitunguu, unga na shayiri. Waganga walimshambulia kwamba maji yale hayamtoi mtu katika njaa, na nadhani walikuwa na haki. Lakini ilipokuwa serikali inabishana kama kuwalisha watu bure kutawaharibu tabia, huyu alikuwa amewasha moto. Watu wapatao milioni 1 walikufa katika njaa ile. Na lawama kubwa ni ya wale wa ghorofa ya juu, ambao walikuwa na uwezo wa kuamuru nafaka na wakachagua kutuma mpishi.

Aliacha kazi ya klabu mwaka 1850, na vita vya Crimea vilipofichua kwamba askari wa Kiingereza walikuwa wakifa hospitalini kwa uchafu na chakula kibovu, Soyer alijitolea mwaka 1855 kwenda Üsküdar, ng'ambo ya Istanbul, akayatengeneza majiko ya hospitali alikokuwa muuguzi Florence Nightingale, na akabuni jiko la chuma la kupikia uwandani ambalo jeshi la Uingereza lililitumia kwa zaidi ya miaka 100. Alifariki mwaka 1858, akiwa na umri wa miaka 48. Sasa niambieni, wasikilizaji, ni nani awezaye kunitajia, pasipo kufungua kitabu, majina 10 ya mabwana waliokula karamu ya Ibrahim Pasha?

Nimewachukua Pall Mall kwa sababu mfano wake ulisafiri ukatufikia. Waingereza walipokuja kutawala kwetu, walitangulia kujenga ofisi, forodha na gereza, na hazikupita siku nyingi wakajenga klabu. Unguja walikuwa na English Club tangu 1888. Mombasa ikapata yake mwaka 1897, karibu na Ngome ya Yesu, upande wa bahari. Na Nairobi, usiku wa kuamkia mwaka 1914, ikafunguliwa klabu ya Muthaiga, ambayo masimulizi yake ya ulevi na ufuska wa walowezi yameandikwa vya kutosha, nami sina haja ya kuyaongeza. Walichokileta ni chumba cha kulia cha faragha, meza ndefu, vijiko vya fedha na kitabu cha wanachama. Na badala ya gololi nyeusi wakatumia rangi ya ngozi, ambayo haikuhitaji kura. Mwarabu mwenye jumba, Mhindi mwenye meli, Mswahili mwenye elimu ya dini na dunia, wote walikuwa sawa mbele ya mlango huo, kwa maana ya kwamba hakuna aliyeingia.

Nasema hakuna aliyeingia, na hapo hapo nimekwisha kusema uwongo, kwani kila jioni waliingia kwa mlango wa nyuma watu waliovaa kanzu nyeupe zilizopigwa pasi, mishipi kiunoni na tarbushi kichwani, wakaandika meza, wakapakua, wakasimama nyuma ya viti, wakasikia kila siri iliyosemwa, maana mabwana walisema mbele yao kana kwamba hawana masikio. Na nyuma yao jikoni walikuwapo wapishi, wa Kiswahili na wa Kigoa, waliojifunza kupika mchuzi wa Kiingereza, na nadhani wakautia kitu kidogo cha kwao ili uweze kulika. Kila mmoja wao aliitwa boi hata akiwa na wajukuu.

Klabu ya Unguja iliondokewa na wenyewe baada ya Mapinduzi ya 1964, na jumba lake la Shangani, lililokuja kuitwa Africa House, leo ni hoteli ambamo mtu yeyote mwenye pesa ya kikombe cha chai anaweza kuketi barazani akatazama bahari. Ya Mombasa na ya Muthaiga zingali klabu, na milango yao imekwisha kuwafungukia waliokuwa wakizuiwa. Kuhusu majengo, basi, shauri limekwisha. Halijakwisha kuhusu watu. Soyer tunamjua kwa kuwa alijua kuandika vitabu na kujipigia debe, na hakuona haya kufanya hivyo. Wapishi wetu walikuwa watu wa haya, na kazi yao iliwafunza kunyamaza.

Kwa hiyo ombi langu ni kwako wewe ambaye babu yako, baba yako au mjomba wako alipata kupika au kuandika meza katika klabu hizo, ya Unguja, ya Mombasa, ya Dar es Salaam, ya Nairobi au ya miji midogo ya bara iliyokuwa na yake. Kama yu hai, kaa naye jioni moja umwulize. Kama ameondoka, fungua kasha lake utafute picha, cheti cha kazi au daftari la mapishi. Andika jina lake kamili na la baba yake, klabu aliyofanyia kazi, miaka aliyokaa, jina la aliyemfunza, na pishi moja alilosifika nalo, pamoja na namna ya kulipika. Nakala moja ibaki nyumbani, na ya pili ipelekwe Nyaraka za Taifa, au Nyaraka za Zanzibar kwa walio visiwani. Wazee hao wamebaki wachache, basi msingoje Idi wala Krismasi; anzeni wiki hii.